Je, wajua kwa nini kompyuta hugoma kuwaka ukiacha diski ya nje imechomekwa?

Eneo la Arua Park, Kampala, Kiswahili hukosi kukisikia, maana wateja wengi wanatoka Arua, Kongo na Sudan Kusini. Fikiria duka la kunakili filamu hapo: unafika na flashi yako, unachagua filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ, wale wanaozisimulia kwa sauti yao, unajaziwa, unalipa, unaondoka. Kompyuta ya duka kama hilo haipumziki, na diski ya nje yenye filamu huwa imechomekwa kutwa kucha. Sasa umeme ukatike usiku, urudi asubuhi, mwenye duka abonyeze kitufe. Feni inavuma, taa inawaka, lakini skrini inabaki nyeusi, na kistari kimoja cheupe kinapepesa kwenye kona ya juu kushoto. Anapigiwa simu fundi: kompyuta imekufa.

Kabla fundi hajapanda boda, zima kompyuta, chomoa diski ya nje, washa tena. Mara nyingi Windows inapanda kana kwamba hakukuwa na neno.

Sababu ni kwamba kompyuta inapowashwa haina habari ya Windows wala ya filamu. Kinachoamka kwanza ni programu ndogo iliyo kwenye chipu ya ubao mkuu. Mashine za zamani zina BIOS, iliyoenea kuanzia kompyuta ya IBM PC ya 1981. Za sasa zina UEFI, ingawa mafundi wengi bado wanaziita zote BIOS. Programu hiyo hukagua kumbukumbu na kibodi, kisha hutafuta diski ya kuanzia kazi kwa kufuata orodha iliyopewa. Ni kama stendi ya taksi: gari lililo mbele kwenye foleni ndilo linalopakia, hata kama tairi lake lina pancha. Ikiwa orodha inasema USB kwanza na diski ya ndani baadaye, USB ndiyo itakayoulizwa kwanza.

Na swali lenyewe ni jepesi mno. BIOS ya zamani husoma sekta ya kwanza ya diski, yaani kipande chake cha mwanzo, baiti 512 tu, na kutazama mbili za mwisho. Ikikuta alama 55 na AA, inakabidhi usukani na kazi yake imekwisha. Haiulizi kama humo ndani kuna Windows au filamu za Kihindi. Diski na flashi nyingi zilizofomatiwa kwa Windows zina alama hiyo, pamoja na kipande cha programu ambacho kikikosa mfumo wa kupakia, kama Windows, huandika tu ujumbe kama "Remove disks or other media. Press any key to restart", yaani ondoa diski, bonyeza kitufe chochote. Nyingine haziandiki chochote, zinaacha kile kistari kikipepesa mpaka jioni.

Tabia hii ina historia mbaya. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, walitoa kirusi kiitwacho Brain, kilichojificha kwenye sekta hiyohiyo ya kwanza ya diski laini (floppy). Mtu aliyesahau diski ndani ya mashine na kuiwasha alikipakia kirusi kabla ya kitu kingine chochote.

Lakini mwenye duka atauliza: mbona jana diski ilikuwa hapohapo na mashine iliwaka? Hapo itazame ile betri ya duara kama sarafu iliyo kwenye ubao mkuu, CR2032 ya volti 3. Ndiyo inayoiendesha saa umeme usipokuwapo, na kwenye kompyuta nyingi za mezani za zamani ndiyo inayohifadhi mipangilio ya BIOS. Ikichoka, umeme ukikatika mipangilio yote inarudi ilivyotoka kiwandani, na kwa baadhi ya mashine hapo USB iko mbele. Mashine za mtumba za mezani zinafika zikiwa na betri ya miaka mingi, na kwetu umeme haukawii kukatika. Dalili yake haifichiki: tarehe imerudi nyuma miaka, na tovuti zinalalamika kwamba cheti cha usalama si halali. Betri hiyo ni ya bei ndogo na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache, kwa hiyo nina shaka sana na fundi anayekimbilia kupiga Windows upya kabla hajaitazama.

Wakati mwingine foleni haina kosa, tatizo ni nguvu. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900, na diski ndogo ya kuzunguka inapoanza kuzunguka inaweza kudai zaidi ya hapo kwa sekunde chache. Ukiiwekea na waya mrefu mwembamba, inazunguka kidogo, inakata, inaanza tena; ukiweka sikio karibu unasikia tik, tik. BIOS nayo inasubiri jibu lisilokuja. Jaribu waya mfupi na matundu ya nyuma ya kompyuta. Ikiendelea kugonga hata kwenye mashine nyingine, acha kuiwasha ovyo, kwa sababu huenda diski yenyewe inakufa na vitu vyako vimo ndani.

Ikiwa nembo ya Windows imeshatokea ndipo mambo yakakwama, BIOS imeshamaliza zamu yake. Pengine umeme ulikatika filamu zikinakiliwa, na sasa Windows inaikagua ile diski. Diski kubwa inaweza kuchukua saa nyingi, na kuikatisha katikati ni kuongeza jeraha.

Wengi hawaishuku modemu ya intaneti, kale kadude ka kuweka laini ya simu. Aina nyingi hujitambulisha kwa kompyuta kama sidii yenye programu ya kujisakinisha, kwa hiyo nayo inaweza kuingia kwenye foleni. Chomoa kila kitu cha USB isipokuwa kibodi na mausi, kisha rudisha kimoja kimoja.

Dawa ya kudumu iko ndani ya BIOS yenyewe. Washa huku ukibonyezabonyeza F2 kwa Dell, Acer na Asus nyingi, F10 kwa HP, au Delete kwa kompyuta nyingi za mezani. Tafuta ukurasa wenye neno Boot, pandisha diski ya ndani iwe ya kwanza, hifadhi, toka. Kwenye UEFI utaona jina Windows Boot Manager. Hilo ndilo la kuweka juu. Siku ukihitaji kweli kuwasha kwa flashi, menyu ya muda ipo: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP, bila kuigusa foleni.

Flashi ya kusakinishia Windows ndiyo ya kuogopa. Ikisahaulika, mashine inaweza kufungua usakinishaji kila inapowaka, na mtu mwenye haraka akibonyeza endelea, endelea, anafuta diski yake mwenyewe.

Kuna na kinyume chake: kompyuta inayokataa kuwaka bila diski ya nje. Hutokea mfumo uliposakinishwa huku diski hiyo imechomekwa, na faili za kuanzia zikawekwa huko badala ya diski ya ndani. Hapo usiifomati hiyo diski ya nje. Ichomeke, mashine iwake, nakili vitu vyako, kisha mwambie fundi azihamishie faili za kuanzia kwenye diski ya ndani. Kwa Windows amri yake ni bcdboot.