Mshahara kupanda asilimia ngapi? Uliza kwanza maswali haya

Kila tukitoa makadirio ya mishahara ya nchi mbalimbali, meseji nyingi tunazopata zinauliza kitu kimoja tu, nani anaongoza. Watu wanaangalia asilimia, wanazipanga kutoka juu kwenda chini, basi, wamemaliza. Ukienda hivyo Uturuki ni bingwa, maana Januari 2024 kima cha chini kilipandishwa asilimia 49 kwa mpigo, ila kufika Mei mfumuko wa bei ulikuwa umeshapita asilimia 75 kwa mwaka, sasa hapo mfanyakazi kapata nini?

Ndio maana sisi tunaangalia mshahara halisi, yaani ongezeko baada ya kutoa bei zilivyopanda. Kwa kipimo hicho Shirika la Kazi Duniani (ILO) liliona mishahara ya dunia imeshuka asilimia 0.9 nusu ya kwanza ya 2022, mara ya kwanza karne hii, na hapo waajiri kibao walikuwa wameongeza mishahara. 2023 ikapanda asilimia 1.8, na kwa 2024 wakakadiria 2.7.

Halafu kuna hili la nchi maskini kuzifikia tajiri. Ni kweli nchi zinazoinukia mara nyingi zinakua haraka, kwa sababu zinachukua mashine na ujuzi ambao wengine walishagundua, na watu wanatoka kwenye vibarua vya tija ndogo wanaingia viwandani na kwenye huduma, wakati tajiri hana wa kumwiga. Lakini piga hesabu. Nchi A wastani ni dola 300 kwa mwezi, unakua asilimia 6 kila mwaka, nchi B ni dola 4,000, unakua asilimia 2. Baada ya miaka 20 A wanapata kama 960 na B kama 5,940. Mwanzo B alikuwa anamzidi A zaidi ya mara 13, sasa ni kama mara 6, hongera, ila pengo lenyewe kwa dola limetoka 3,700 likafika karibu 5,000! Limepungua na limeongezeka, yote mawili ni kweli, inategemea anayekuhadithia anataka uone lipi.

Sarafu nayo inachezea hizi namba vibaya sana. Japani mishahara ililala karibu miaka 30, mwaka 2024 vyama vya wafanyakazi wa makampuni makubwa vikapata nyongeza ya zaidi ya asilimia 5, haijaonekana hivyo tangu 1991, lakini yeni ilikuwa imetoka kama 115 kwa dola mwanzoni mwa 2022 ikafika 160 katikati ya 2024, yaani imeshuka thamani, kwa hiyo kwenye jedwali la dola Mjapani huyohuyo anaonekana ameshuka. Kwa kulinganisha maisha, bora jedwali la uwezo wa kununua, yaani mshahara huo unanunua vitu kiasi gani kwa bei za nchi yake.

Na wastani wenyewe usiuamini haraka. Mwaka 2020 Marekani wastani ulipanda, si kwa sababu watu waliongezwa, ni kwamba wa mishahara midogo ndio walioachishwa kwa wingi wakatoka kwenye hesabu. Isitoshe hizi takwimu ni za walioajiriwa tu, aliyejiajiri hayumo, na kwenye nchi nyingi zinazoongoza kwa asilimia, hao wasiohesabiwa ndio wengi.