Kuba Lako Liweke Mlangoni

Wateja wangu wa Arusha, wa makanisa na wa kumbi za mikutano, hupenda kunionyesha kwenye simu picha ya jengo la Bunge la Marekani. "Injinia, nataka kuba kama hili." Ni Rotunda: ukumbi wa duara chini ya kuba, wenye upana wa mita 29 hivi, dari likipanda karibu mita 55 kutoka sakafuni, na kileleni mchoro wa Constantino Brumidi wa 1865. Pazuri, sibishi. Ila hapajadiliwi muswada pale. Ni mahali pa kupita, kupiga picha na kuaga viongozi waliofariki.

Mjadala wenyewe, Baraza la Wawakilishi liliufanyia hadi 1857 katika ukumbi wa jirani, unaojulikana leo kama Ukumbi wa Sanamu. Ulikuwa nusu duara, dari lake la mbao laini limepinda. Maneno yalirudi na kugongana. Wakatundika mapazia, wakageuza viti vitazame upande wa pili, wapi! Ikabidi wahamie ukumbi mpya wa mstatili.

Uso uliopinda kwa ndani hukusanya sauti kama dishi la televisheni linavyokusanya mawimbi. Aliyesimama kwenye kitovu husikia hata mnong'ono wa mtu wa mbali. Aliye pembeni yake huambulia uji mtupu. Waongoza wageni husimulia kuwa John Quincy Adams, rais wa zamani aliyerudi kuwa mbunge, alijifanya kusinzia kwenye ukumbi ule ili awadukue wapinzani. Naiweka kwenye fungu la porojo.

Halafu kuna ujazo. Kwa kanuni ya mwanafizikia Wallace Sabine, muda wa sauti kuzimika ni 0.161 mara ujazo, gawanya kwa kiasi cha kinachoinyonya. Ukumbi wa mita 20 kwa 15, kimo 6, una mita za ujazo 1,800. Kuba likiongeza nyingine 1,800, na ndani mmejaza vigae, vioo na jipsamu, muda huo unakaribia mara mbili. Hotuba inataka kama sekunde moja tu.

Kwa hiyo kuba liweke kwenye sebule ya kuingilia. Ndani tumia dari bapa, zulia, viti vya sponji, na ubao wenye matundu ukutani nyuma. Ukiling'ang'ania, basi liwe la kina, kitovu cha mpindo wake kibaki juu sana ya vichwa vya watu. Na usiniambie spika zitarekebisha: humo zitapandisha maneno na mwangwi kwa pamoja.