Ioni ya Peptidi Inapotua: Kasi Si Kila Kitu

Ioni ya peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino wenye chaji ya umeme, ikigonga uso mgumu kwa nishati ya mamia ya elektroni-volti (kipimo cha nishati ya chembe ndogo), huvunjika. Nishati hiyo ikipunguzwa hadi makumi machache, ndani ya ombwe, ioni hutua ikiwa nzima, kama mtumbwi ambao mvuvi wa Mwaloni ameacha kuupiga kasia kabla haujagusa mchanga. Wazo hili lilijaribiwa mwaka 1977 katika maabara ya Graham Cooks, Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Wengi wanaoniuliza kulihusu huishia kwenye kasi. Mimi naona uso unaopokea ndio wenye kauli kubwa zaidi.

Uso huo huanza na dhahabu. Huku Kanda ya Ziwa tumezoea dhahabu ya kupimwa kwa gramu, lakini hapa unatosha utando wa nanomita 100 hivi, unaochovywa katika mmumunyo wa thioli, molekuli zenye salfa upande mmoja na mkia wa kaboni upande mwingine. Salfa ya kila molekuli hushika dhahabu, na mikia ya kaboni husimama imebanana, ikiinama upande mmoja, hadi likapatikana tabaka la unene wa molekuli moja. Ncha ya mkia ndiyo inayokutana na ioni, nayo huchaguliwa na mkemia.

Mkemia Julia Laskin na wenzake waliliona hilo kwa gramisidini S, peptidi ya duara yenye asidi amino 10, iliyotua ikiwa na protoni mbili za ziada, yaani chaji mbili. Juu ya ncha zenye florini ioni nyingi zilibaki na chaji zote mbili. Juu ya mikia ya haidrokaboni (kaboni na hidrojeni tu) ya kawaida zilibaki hasa na moja. Juu ya ncha za kaboksili zilipoteza zote. Hata hivyo florini ina gharama yake: karibu sehemu moja ya tano ya nishati ya mgongano huingia ndani ya peptidi, ilhali kwa haidrokaboni ni kama sehemu moja ya kumi. Anayetaka kuhifadhi chaji hana budi kupunguza kasi zaidi.

Kinachobaki ni subira. Mkondo wa pikoampia 100 (pikoampia ni sehemu moja ya trilioni ya ampia) huleta ioni kama hizo zipatazo milioni 300 kila sekunde. Doa la kipenyo cha milimita 5, tukichukulia kila molekuli hukalia nanomita mraba 2, huhitaji molekuli trilioni 10 ili lijae, yaani muda wa saa 9 hivi bila pampu za ombwe kuzimika.