Je, wajua kwa nini kanisa la Hospitali ya Middlesex halikubomolewa wala kugeuzwa fleti?

Mortimer Street, katikati ya London, kuna fleti na ofisi mpya zilizozunguka uwanja, na uwanjani humo limesimama kanisa dogo la matofali mekundu. Hapo ndipo ilipokuwa Hospitali ya Middlesex, iliyoanzishwa mwaka 1745, ikafungwa 2005 na kubomolewa 2008.

Kwa nje kanisa halina makuu. Ndani, dari inameremeta kwa mozaiki za dhahabu na kuta zimevikwa marumaru za rangi tele. Birika la ubatizo ni la marumaru ya kijani, na lina maneno ya Kigiriki yanayosomeka vilevile uanzie kushoto au kulia: "Osha dhambi zangu, si uso wangu tu."

Msanifu wake, John Loughborough Pearson, alilianza mwaka 1891. Alipofariki, mwanawe Frank akaendeleza. Hospitali ilipoonekana mbovu miaka ya 1920, ilivunjwa na kujengwa upya kidogo kidogo, lakini kanisa halikuguswa. Mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling alipofia hospitalini hapo mwaka 1936, mwili wake ulilazwa kanisani humo.

Mara ya pili liliokolewa na sheria. Uingereza huorodhesha majengo ya urithi kwa madaraja, na kanisa hili lina daraja la juu kiasi kwamba mwenye kiwanja hawezi kulivunja apendavyo. Ruhusa ya kujenga fleti ilikuja na wajibu wa kulikarabati, kazi iliyogharimu takriban pauni milioni 2.

Lakini mbona lisigeuzwe makazi, kama yalivyogeuzwa makanisa mengine mengi nchini humo? Kugawa kanisa kuwa fleti ni kuingiza sakafu katikati ya kimo chake na kusimamisha kuta za vyumba. Hapa kila sakafu ingekata mozaiki, na kila ukuta ungeziba marumaru. Kwangu mimi, huo ungekuwa uharibifu usio na kisingizio.

Na si uzuri tu. Katika hospitali hii, mwaka 1987, Diana, mke wa mwana wa malkia, alifungua wodi ya wagonjwa wa Ukimwi na kumpa mgonjwa mkono bila glavu, wakati watu wengi waliogopa hata kuwagusa. Wodi imekwenda na majengo mengine. Kanisa limebaki, na mwaka 2017 picha za wagonjwa na wauguzi wa wodi hiyo zilionyeshwa humo.