Risasi Iingie Chemba Lini?

Ninaowafundisha kuwinda huniuliza swali hili karibu kila mara: nikiwa porini natembea, risasi iwe chemba tayari, yaani kwenye tundu la nyuma ya mtutu inapopigwa, au ibaki kwenye magazini, kisanduku cha kuhifadhi risasi? Jibu langu halibadiliki. Ukiwa unatembea, chemba iwe tupu. Risasi iingie pale umemwona mnyama na umeamua kumpiga, au umeshakaa mahali pa kumvizia na mtutu unaelekea upande usio na mtu.

Wengi hunijibu kwamba bunduki ina sefti, kifungio cha kuizuia isipige. Hapa nataka tukae kidogo, maana wanaoitegemea sefti ni wengi kuliko wanaojua kazi yake. Ukishaikoki bunduki ya bolti, yaani kulivuta na kulirudisha komeo lake la chuma ili risasi iingie, springi yenye nguvu inataka kuisukuma pini igonge fataki ya risasi, na kinachoizuia ni kipande kidogo cha chuma chenye ukingo mwembamba. Kwenye bunduki nyingi za kisasa, sefti haiishiki pini. Inazuia triga, au hicho kipande kilicho juu yake. Kama ukingo umelika, au fundi wa kubahatisha amelegeza triga iwe nyepesi, au mafuta ya zamani yameganda na vumbi, bunduki ikianguka inaweza kulia huku sefti imefungwa.

Ndiyo maana naiheshimu bunduki ya Mauser ya 1898. Kitasa cha sefti yake, nyuma ya bolti, huishika pini yenyewe. Kikilala kushoto bunduki inapiga. Kikisimama wima pini imeshikwa lakini bolti inafunguka. Kikilala kulia, pini na bolti vyote vimefungwa. Winchester Model 70, iliyotoka 1936, nayo ilikuja na sefti ya hatua tatu, na hiyo hatua ya kati ni neema kubwa: unatoa risasi bila kufungua sefti. Remington 700 zilizotengenezwa kabla ya 1982 zilikuwa kinyume chake. Sefti ilifunga bolti pia, hivyo ili utoe risasi ilibidi kwanza uifungue sefti. Ukirithi bunduki ya zamani, chunguza ni ya aina gani kabla hujaipeleka porini.

Bunduki za wenzo, zinazokokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini ya triga, zenye nyundo ya nje, kama Winchester ya 1894, zinataka uangalifu wake. Ukishakoki na mnyama akaondoka, unashusha nyundo kwa dole gumba huku umebana triga, risasi ikiwa ndani. Vidole vikiwa na jasho au ganzi ya baridi, huo ni mchezo wa hatari.

Hoja nyingine ni kelele: ukikoki, mnyama atasikia. Ni hoja ya kweli, ila ina dawa, nayo ni mazoezi. Shika mkono wa bolti kwa vidole vitatu, vuta nyuma taratibu mpaka mwisho, kisha sukuma mbele kwa kiganja ukiisikia risasi inavyopanda kutoka kwenye magazini, na ushushe mkono bila kuuachia. Bunduki ya nusu-automatiki, inayojipakia yenyewe baada ya kila kupiga, ni ngumu zaidi, kwa sababu ukiisindikiza bolti polepole inaweza isifunge sawasawa. Isukume kwa mkono mpaka uhakikishe imefunga.

Na ukianza kusukuma, maliza. Kwenye bunduki nyingi, ndoano ya bolti hulikamata ganda la risasi pale tu bolti inapofungwa kabisa. Ukiisukuma risasi mpaka ndani, ukaghairi na kuirudisha bolti nyuma kabla haijafunga, risasi inabaki chemba wewe ukidhani imerudi nawe. Kwa hiyo chemba huangaliwa kwa jicho, na gizani kwa kidole kidogo. Kukumbuka hakutoshi.

Kuna wanaotafuta njia ya katikati: risasi chemba, mkono wa bolti umeinuliwa. Siikubali. Tawi moja linaushusha mkono na bunduki iko tayari kupiga bila wewe kujua, au linaufungua na risasi yako inaanguka majanini.

Kufuatilia nyati aliyejeruhiwa kwenye kichaka kizito ni jambo jingine. Hapo mnyama anaweza kukujia kutoka hatua chache, na sekunde mbili za kukoki huna. Risasi iwe chemba. Lakini asiwepo mtu mbele ya mtutu wako, kila mmoja ajue upande wake, na kidole kikae nje ya triga. Hatari hiyo ikiisha, risasi itoke. Kuruka uzio, kupanda mti, kuvuka mto au kuingia kwenye gari ukiwa na risasi chemba, sina mjadala nayo: hapana.

Chemba tupu nayo isikufanye uzungushe mtutu ovyo. Namfundisha mtu kuubeba mtutu kana kwamba risasi imo siku zote, hasa akiwa nyuma ya mwenzake.

Mahali ninapowaona hata wazoefu wakisahau ni baada ya kupiga. Mtu anakoki tena, vizuri kabisa, maana risasi ya pili inaweza kuhitajika. Kisha anakimbilia windo na bunduki iliyo tayari, anajikwaa kwenye mizizi. Tembea. Mfikie mnyama kwa nyuma, mguse jicho kwa kijiti kirefu, na akiwa hatikisiki, fungua bolti, toa risasi zote, angalia chemba, ndipo uilaze bunduki na kushika kisu.