Acheni Kujaza Risasi Puani

Nimeulizwa tena na mrusha jeti za modeli, zile ndege ndogo za rimoti zenye injini ya turbini: "Fundi, jeti yangu inagoma kupaa, ninunue turbini kubwa zaidi?" Nami nikauliza puani kuna risasi kiasi gani, yaani ile metali nzito ya kusawazishia ndege. Akajibu kwa fahari kwamba ameongeza juu ya kipimo cha kitabu cha maelekezo, "maana pua nzito ni usalama."

Jamani. Mkia mzito unaua ndege siku ya kwanza, hilo halina ubishi. Lakini nani aliwaambia kwamba kinyume chake ni usalama usio na mwisho?

Chukua Hawk, jeti ya mafunzo ya Waingereza ambayo hata Jeshi la Anga la Kenya limeirusha. Ukiijenga kwa kipimo cha moja kwa nne, mabawa yanafika kama mita 2.35 ncha hadi ncha. Tuseme ina kilo 18 bila mafuta. Ukisogeza kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapolingana, mbele, pua inataka kushuka muda wote, na mkia unalazimika kukandamiza chini ili kuizuia. Ni mzega: ukizidisha mzigo wa mbele, wa nyuma nao lazima uzidi, na bega ni lile lile. Bega hapa ni bawa. Linabeba ndege, risasi zako, na ule mkandamizo wa mkia, kwa hiyo kasi ya chini kabisa ya kubaki hewani inapanda.

Kwenye kupaa, ndege hujiinua kwa kuegemea magurudumu makuu. Eleveta, kile kibao cha mkiani cha kuinua pua, inavuta, pua haisikii, lami inaisha. Mwenye ndege anasema msukumo hautoshi. Anafunga turbini kubwa, nayo ni nzito na inakaa nyuma ya kitovu, basi anaongeza risasi mbele. Msukumo umeongezeka, eleveta bado haiinui pua, na sasa ana kilo za ziada za kutua nazo.

Kutua ndiko kunakoniuma. Unakuja kasi, unavuta fimbo hadi mwisho, pua inaanguka na mguu wa mbele unapokea kishindo chote. Ukitaka kughairi na kupaa tena, turbini toka mzunguko wa chini kabisa hadi msukumo kamili inakula sekunde kadhaa. Kisha analaumiwa aliyeuza miguu.

Jambo la pili ni mafuta. Mtu anapima kitovu tangi likiwa limejaa! Lita 4 za mafuta ya taa ni kama kilo 3.2. Kitovu cha tangi kikiwa sentimita 10 mbele ya kitovu cha ndege yetu, mafuta hayo yanavuta kitovu mbele kwa sentimita 1.5, na yakiungua kinarudi nyuma kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo unatua na ndege tofauti na ile uliyopaa nayo. Pima matangi makuu yakiwa matupu, lile dogo la kunasa mapovu likiwa limejaa. Pima miguu ikiwa imeshuka, kisha imekunjwa. Mguu wa puani unaokunjwa kuelekea mbele unahamisha kitovu.

Oili ya kuchanganya, fuata mtengenezaji wa turbini. Rimoti ikipoteza mawimbi, turbini ijizime. Mtungi wa kaboni dioksidi wa kuzimia moto uwe karibu. Haya hayahitaji mjadala.

Namba ya kitabu yenyewe, ya mahali pa kuweka kitovu, siiamini kabisa. Hesabu nyingi zinatazama bawa na mkia tu, wakati kiwiliwili kipana na matundu ya hewa navyo vinaleta mnyanyuko wao, tena mbele. Naanzia hapo kwenye kitabu, kisha nasogeza kitovu milimita chache chache. Kuna kipimo cha kupanda kwa nyuzi 45, kugeuza ndege tumbo juu na kuachia fimbo uone pua inashuka kiasi gani. Nakitumia, ila mafuta yakipungua jibu linabadilika, na mwelekeo wa bomba la turbini nao unalichafua. Mwisho nabaki na hisia za vidole, na sijui kumfundisha mtu vidole.

Jairo, kifaa kinachoisawazisha ndege chenyewe, nayo izime unapopima hivi, maana inaficha mkia mzito vizuri mno. Kabla ya risasi, sogeza betri mbele au nyuma uone unafika wapi. Mara nyingi zile risasi zinabaki mezani, na turbini ile ile inatosha.