Buibui wa Nyumbani: Yupi Umwache, Yupi Umwondoe

Nazungumzia buibui anayetembea, si buibui linalovaliwa. Maswali haya hurudi kila mara, na naanza na lile la kidonda cha asubuhi, maana hapo ndipo buibui husingiziwa zaidi.

Nimeamka na malengelenge shingoni, yanawaka kama nimeungua. Naambiwa buibui amenikojolea. Ni kweli?

Si kweli. Buibui hana mkojo wa kuunguza ngozi ya mtu. Malengelenge ya namna hiyo, hasa yakijipanga kama mstari uliochorwa kwa kidole, mara nyingi ni kazi ya mbawakawa mdogo mwembamba wa jamii ya Paederus. Ana urefu wa milimita 7 hadi 10, kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, mgongo wenye bluu inayong'aa, na ncha ya tumbo nyeusi. Ukimwona kwa haraka utadhani ni sisimizi aliyepakwa rangi.

Huyo hang'ati wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili wake. Anatua shingoni, unahisi mtekenyo, unampiga kofi na kumburuza kwa kiganja, basi umejipaka mwenyewe. Usiku ule husikii kitu. Wekundu huja kesho yake, malengelenge baadaye kidogo. Ndiyo maana ukiamka unatazama dari, unaona utando, na kesi inamwangukia buibui. Akikutulia tena, mpulize aruke, usimponde. Ukishamponda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi, na mikono pia, kabla hujagusa macho.

Jambo la pili la kuangalia ni mkanda wa jeshi. Huu huletwa na virusi vilevile vya tetekuwanga, ambavyo hulala mwilini miaka mingi kisha vikaamka. Malengelenge yake hukaa upande mmoja wa mwili, na mara nyingi maumivu hutangulia siku kadhaa kabla ngozi haijaonyesha lolote. Dawa zake hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Mtu anayekaa nyumbani akipaka majivu kwenye "mkojo wa buibui" anazipoteza saa hizo bure.

Halafu kuna jipu la kawaida, linaloletwa na bakteria. Likiwa na kichwa cheusi katikati, watu huapa ni sumu ya buibui.

Sasa nitajuaje kama kweli ni buibui?

Ushahidi wa maana ni kumwona akiuma, au kumkuta amepondeka pale pale penye maumivu. Buibui hanywi damu, hana sababu ya kukufuata kitandani. Huuma akibanwa: ndani ya kiatu, katika mkunjo wa shati, chini ya mkono uliolalia shuka. Ukiwa na vipele vingi vinavyowasha, vimepangana, chunguza kunguni, viroboto na mbu kwanza.

Kwangu wapo wa kila aina. Yupi ni yupi?

Wataalamu wameshaorodhesha zaidi ya aina 50,000 duniani, lakini wanaokubali kuishi na watu ni wachache, na tabia zao zinatosha kuwatambulisha.

Yule wa kona za dari, mwenye miguu mirefu myembamba kama nyuzi na mwili mdogo kama punje ya mchele, ni Pholcus au ndugu zake. Gusa utando wake kwa ncha ya fagio: ataanza kujitikisa kwa kasi mpaka umbo lake linapotea machoni, kisha atatulia kana kwamba hapajatokea kitu. Jike hubeba mayai kinywani, kifurushi kidogo ambacho ukisogeza taa unaweza kuona kila yai. Huyu hula mpaka buibui wenzake. Ubaya wake ni utando tu, unaokusanya vumbi na kuifanya nyumba ionekane imehamwa.

Mdogo mnene wa dirishani, anayekwenda kwa kurukaruka, ni buibui mrukaji. Hatandi wavu wa kunasa. Anawinda kwa macho. Mkaribie taratibu uone: atageuka akutazame, macho mawili makubwa ya mbele yakikukodolea. Nimemtazama mmoja akimnyemelea nzi kwenye kioo, hatua mbili, anasimama, hatua moja, anasimama, kisha akaruka huku akiacha uzi nyuma yake kama mtu aliyejifunga kamba. Kama kuna buibui mmoja wa kuachwa kwa amani ndani ya nyumba, ni huyu.

Yule anayepigisha watu kelele ni mkubwa, bapa, wa rangi ya udongo, anayebandikana na ukuta usiku na kukimbia kiubavu kama kaa. Akitandaza miguu anaweza kufika sentimita 12. Jike hutembea amekumbatia mfuko mweupe bapa wa mayai chini ya kifua. Anatisha, sikatai, na akibanwa anauma kwa uchungu. Lakini sumu yake si ya kumdhuru mtu mzima mwenye afya, na mlo wake mkuu ni mende. Ukimwona mara kwa mara, jikoni kwako kuna habari nyingine.

Wa sakafuni, mwenye kasi na rangi ya majani makavu, huwa ni buibui mbwamwitu aliyepotea kutoka nje. Jike hubeba watoto mgongoni. Ukimkanyaga, watoto kwa makumi hutawanyika sakafuni.

Na wale wenye hatari?

Makundi mawili yanatosha kuyajua.

La kwanza ni wajane, jamii ya Latrodectus. Mjane mweusi anajulikana kwa tumbo la mviringo linalong'aa na alama nyekundu yenye umbo la shisha, kile chombo cha kupimia muda kwa mchanga, upande wa chini. Mjane wa kahawia, aliyeenea sana nchi za joto, ana alama hiyo kwa rangi ya chungwa, na kitambulisho chake rahisi ni mayai: vifuko vya mviringo vilivyojaa vijiba kama mpira wenye miiba. Hujificha chini ya viti vya plastiki, ukingo wa vyungu vya maua, na mashimo ya matofali. Utando wake hauna mpangilio, ila ni mgumu. Ukiukata kwa kijiti unasikia ukikatika. Sumu ya wajane hupiga mishipa ya fahamu: misuli hukaza, tumbo huwa gumu kama ubao, jasho hutiririka. Anayeuma ni jike, na wa kahawia kwa kawaida huishia kwenye maumivu ya pale pale.

La pili ni Loxosceles, mdogo wa kahawia mwenye alama kama fidla nyuma ya kichwa na macho sita badala ya manane. Hujificha kwenye maboksi na nguo zilizokaa muda mrefu. Anapouma huenda usisikie kitu. Siku mbili tatu baadaye katikati ya kidonda huweza kuwa nyeusi. Hata hivyo, vidonda vingi vyake hupona bila ngozi kufa.

Nikiumwa nifanye nini?

Osha kwa sabuni. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10, ondoa, rudia. Inua mkono au mguu ulioumwa, vua pete kabla vidole havijavimba, meza paracetamol kwa kipimo chake. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usipake mafuta ya taa. Ukiweza kumpiga picha au kumtia chupani bila kuumwa tena, nenda naye.

Nenda hospitali mara moja ukiona misuli inakaza, tumbo linauma sana, pumzi inakuwa nzito, homa, au kidonda kinageuka rangi na kutanuka. Mtoto mdogo, mzee au mjamzito asingoje dalili hizo. Ulizia na chanjo ya pepopunda.

Si nipulize tu dawa?

Nilishafanya hivyo. Mkubwa yule bapa alikuwa juu ya kabati. Nikamwaga karibu nusu kopo. Akakimbilia nyuma ya kabati, mimi nikakohoa usiku kucha. Asubuhi nilipolivuta kabati nilikuta amekufa, na pembeni yake mende hai zaidi ya kumi. Nilikuwa nimemuua askari nikawaachia wezi.

Dawa nyingi za kopo humuua buibui zikimpata mwilini. Zilizokaukia sakafuni hazimsumbui sana, maana hutembea kwa ncha za miguu, na wengine hawatoki kwenye utando wao. Wakati huohuo wewe unavuta hewa ile. Mwenye pumu, mtoto anayetambaa, samaki na paka wako hatarini kuliko huyo unayemlenga. Permethrini, sumu ya wadudu iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, inaweza kumuua paka.

Basi wapungue vipi?

Waondolee chakula, taa na maficho, kwa mpangilio huohuo. Buibui yupo kwa sababu wadudu wapo. Funika taka, kausha sinki usiku, ziba njia za mende. Taa ya nje inayowaka juu ya mlango inaita nondo, na nondo wanaita buibui. Izime, isogeze mbali na mlango, au weka ya rangi ya njano.

Tandabui ondoa kila wiki kwa fagio refu, na usisahau vifuko vya mayai, maana kimoja kinaweza kuwa na mamia. Vitie ndani ya mfuko, funga, tupa nje. Kurudia ndiko kunakofanya kazi: aliyejenga na kubomolewa tena na tena huishia kuhama. Kwenye wavu wa wajane vaa glavu na utumie kijiti.

Ziba nyufa na uwazi chini ya milango, tia wavu madirishani. Maboksi ya karatasi badilisha kwa vyombo vyenye mifuniko. Kuni na matofali yasiegemee ukuta. Kitanda kikae mbali kidogo na ukuta, shuka isiburuze chini. Viatu na glavu zilizokaa, kung'uta kabla ya kuvaa.

Na huyu mmoja aliyepo ukutani sasa hivi?

Glasi na karatasi ngumu. Mfunike taratibu, telezesha karatasi katikati ya glasi na ukuta, mpeleke nje. Kama ni yule mrukaji wa dirishani, mwache amalizie nzi wake.